Chungu cha Maharage cha Ngara, 1994



Msimu wa harusi ukikaribia, mabibi harusi wengi hutuuliza orodha ya vyombo. Sufuria ngapi zinatosha, sahani za wageni dazeni ngapi, jiko la gesi liwe la plate mbili au nne. Ni maswali mazuri na tunayajibu kila mwaka. Leo tunataka kuzungumza historia ya orodha nyingine, fupi mno: turubali la plastiki, blanketi, dumu la maji, sufuria moja. Kwa vyombo hivyo maelfu ya akina mama walianza nyumba upya katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, mwaka 1994. Na wapo waliokaa siku kadhaa kabla hata hivyo vichache havijawafikia.

Habari za wakimbizi wa Rwanda tumezisikia zaidi kwa upande wa siasa: majeshi, mauaji, mikutano ya wakubwa. Upande wa jikoni hausimuliwi sana. Nani alipika, alipika nini, kuni alizitoa wapi, mtoto alibebwa kwa nini, aliyejifungua njiani alikandwa na nani. Na zaidi ya hayo, mama mwenyeji wa Ngara, ambaye hakukimbia popote bali aliamka akakuta umati mlangoni kwake, huyo hata jina hapewi katika hadithi. Tunaona ana haki ya kutajwa.

Ukiangalia ramani, Ngara iko kwenye kona ya kaskazini magharibi ya Tanzania, inapakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Biharamulo iko mashariki yake, na safari ya kutoka Mwanza kwenda Ngara hupita humo. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba watu husikilizana bila mkalimani. Hilo liweke akilini, shoga, litakuwa na kazi huko mbele. Chakula chao ni ndizi na maharage, muhogo, viazi vitamu, mtama.

Na visiwa vyetu si vigeni kwa nchi hizo. Karne ya 19 misafara iliyoanzia Unguja ilifika hadi Karagwe kufuata pembe za ndovu, ikipita nchi iliyoitwa Usui, ambayo leo ni sehemu za Biharamulo na Ngara. Mwingereza John Hanning Speke, aliyeondoka Unguja mwaka 1860, alikwama Usui mwaka 1861 akidaiwa hongo na mtawala wa hapo, Suwarora, na hongo yenyewe ikalipwa kwa nguo, shanga na waya. Yaani marobota yaliyopakuliwa bandarini kwetu yakaishia huko juu. Kabla ya nguo za dukani kuenea, mama wa nchi zile za milimani alimbeba mtoto kwa ngozi iliyolainishwa. Rwanda mbeleko hiyo inaitwa ingobyi, na neno hilo hilo ndilo la machela iliyobebea wagonjwa, na zamani bibi harusi pia. Sisi tunaoshika mkasi na cherehani tunalipenda neno hili. Kitu kimoja kinabeba mtoto mchanga, bibi harusi na mgonjwa.

Turudi kwenye mwaka wenyewe. Wageni wa mwanzo walitoka Burundi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, machafuko yakazuka, watu wakavuka. Karibu miezi 6 baadaye, tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Jeshi la RPF lilipokuwa likisonga mbele, Wahutu wengi wa mashariki wakakimbilia mpakani. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile.

Katika umati ule walikuwemo walioua na walioamrisha kuua. Lazima lisemwe, maana mto uo huo ulikuwa ukiteremsha maiti za waliochinjwa hadi Ziwa Victoria. Na katika umati ule ule walikuwemo wajawazito, wenye kunyonyesha, na vikongwe walioshikwa mkono.

Walipofikia panaitwa Benaco, jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara pale. Wilaya nzima ya Ngara, kwa sensa ya mwaka 1988, haikufika watu 200,000. Kwa usiku mmoja wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi. Watu wakawa wanasema Benaco ndio mji wa pili Tanzania baada ya Dar es Salaam, mji usio na ukuta hata mmoja. Baadaye zikafunguliwa kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, Lukole kwa Warundi, na mkoa wa Kagera ukawa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni.

Sasa tuingie jikoni.

Mgao ulikuwa mahindi, maharage, mafuta ya kupikia na chumvi. Malori ya chakula yalipanda kupitia Lusahunga na Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, hadi kambini. Mtu wa pwani akisikia mahindi na maharage anasema si makande hayo, shida iko wapi? Shida ni kwamba mara nyingi mahindi yalikuja punje nzima. Mama aliyezoea ndizi, viazi na muhogo amepewa punje kavu, hana kinu, hana mchi, hana mashine ya kusaga jirani. Punje kavu ya mahindi haiivi kwa saa moja. Maharage makavu yanataka saa 2 au 3, na yaliyokaa sana ghalani yanazidi hapo. Kuloweka usiku kucha kunapunguza muda, kila mpishi anajua, lakini kuloweka kunataka chombo. Sufuria ni moja. Ukiloweka maharage ya kesho, leo usiku utapikia wapi?

Kila mama alitafuta njia yake. Wako waliosaga kwa jiwe juu ya jiwe. Mashine za kusaga zilipopatikana, mwenye nafaka alimwachia mwenye mashine kipimo chake kama malipo. Wengine waliuza sehemu ya mahindi kwa wenyeji wakarudi na ndizi, muhogo au mboga za majani. Mtu wa ofisini akiona mkimbizi anauza mgao wake, haraka anaandika kwamba chakula kimezidi. Mama mwenye mtoto wa miezi 8 anayetema makande angemweleza kwa upole.

Halafu kuni. Hapa ndipo tunapotaka mkae kidogo, maana sisi wa gesi na mkaa wa kununua tumesahau. Kila chungu cha maharage kina mzigo wake wa kuni, na zidisha hiyo kwa nyumba zote za Benaco, asubuhi na jioni. Hesabu iliyotolewa miaka ile ilikuwa zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku katika kambi za Kagera. Vilima vilivyokuwa na miti mwezi Mei vilikuwa vipara baada ya muda mfupi, na aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya hema akawa anatembea km 10 au zaidi kuzifuata. Anayekwenda ni mwanamke au binti. Njiani kulikuwa na wanaume wasio na haya wala hofu ya Mungu, na mambo waliyowatendea wanawake tunayataja kwa ufupi tu kwa heshima yao. Mwaka 2000 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima kuhusu ukatili waliofanyiwa wanawake katika kambi za wakimbizi za Tanzania, njiani na ndani ya nyumba zao wenyewe.

Mashirika yalifundisha majiko ya udongo yanayobana kuni na kupika ukiwa umefunika sufuria. Mambo madogo, lakini kila kuni iliyosalia ilikuwa hatua ambazo binti hakuzitembea porini.

Na kuni si za chakula peke yake. Huku kwetu mzazi anakaa arubaini, anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wenye pilipili manga, anafukizwa. Akina bibi hawakubali mzazi aguse maji baridi. Fikiria mzazi wa siku 3 chini ya turubali, mvua za masika za Aprili na Mei, maji ya kupanga foleni na dumu, na kuni zimekwisha. Mkandaji hata kama yupo, atamkanda kwa nini? Tukizungumzia mama kujitunza, huwa tunafikia haraka kwenye singo na liwa. Mwanzo wake ni maji ya moto.

Twende sasa kwa mama mwenyeji, yule wa Ngara mwenye shamba lake la migomba kando ya barabara. Siku za mwanzo, kabla malori hayajatosha, walioingia walilishwa na yeye. Lugha ilisikilizana, na mwenye njaa akikuomba kwa lugha ya nyumbani kwako ni vigumu kusema hukusikia. Baadaye kukawa na biashara. Mkungu wa ndizi ulipata bei ambayo haijapata kuonekana. Wakimbizi walilima mashamba ya wenyeji kwa ujira mdogo au kwa chakula tu, na wenye ardhi wakapanua mashamba. Mahindi na mafuta ya mgao yakawa rahisi sokoni. Zahanati za kambini ziliwatibu wenyeji pia. Wapo waliojenga nyumba za bati kwa fedha za miaka ile.

Lakini si kila mama alifaidika. Migomba iliibwa usiku, mbuzi zikapotea, bei ya baadhi ya vitu ikapanda. Visima vilivyowatosha wanakijiji vikaingiwa na foleni. Kuni za kambi ndizo hizo hizo kuni za kijiji, hivyo mwenyeji naye akawa anatembea mbali. Wanaume wengi walikwenda kambini kutafuta kazi kwa mashirika, wengine kutafuta mambo mengine, na shamba, mifugo na watoto vikabaki kwa mke. Mjane mwenye shamba dogo na asiye na nguvu ya kuajiri mtu alipata hasara tupu.

Wengi wa akina mama hao wa Ngara ni Wakristo, na tunaandika hivyo makusudi. Sisi tunapofundishwa ukarimu tunafundishwa kwa mfano wa Ansari wa Madina, waliowapokea Muhajirina na kugawana nao nyumba na mitende. Katika Suratul Hashr, aya ya 9, Mwenyezi Mungu anawasifu waliowatanguliza wengine ingawa wao wenyewe wana shida. Wanazuoni wameeleza sababu ya kushuka kwake: Ansari mmoja alimchukua mgeni wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na nyumbani hakukuwa na kitu ila chakula cha watoto. Mkewe akawalaza watoto, akatenga chakula, akaizima taa, wakakaa gizani wakijifanya wanakula ili mgeni ashibe. Tuitazame vizuri hadithi hii. Aliyekwenda kumwalika mgeni ni mume. Aliyejua kimebaki kiasi gani chunguni, aliyewabembeleza watoto wakalala na njaa, ni mke. Basi tukisikia kwamba Tanzania iliwapokea wakimbizi wa 1994, tuulize ni nani hasa aliyeizima taa.

Na tusidhani mambo haya ni ya bara peke yake. Januari 2001, baada ya machafuko ya tarehe 26 na 27, ndugu zetu wa Pemba kiasi cha 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Walipokelewa na watu wa lugha moja na dini moja, wakapikiwa. Wapo kati ya wasomaji wetu ambao mama zao walikuwemo.

Kuna jambo jingine la kambini ambalo bibi harusi alisome kwa makini. Ni nafaka. Katika dini yetu nafaka ni wajibu wa mume: chakula, mavazi na makazi, hata mke akiwa tajiri kuliko yeye. Mahari ni siku moja, nafaka ni kila siku. Sasa kambini chakula kinatoka kwenye kadi ya mgao, nyumba ni turubali la shirika, na shamba la kulima mume hana. Mtafiti mmoja wa Kidenmark, Simon Turner, aliyekaa na Warundi wa Lukole miaka ya 1990, ameeleza jinsi wanaume walivyolalamika kwamba wake zao sasa wanaliona UNHCR ndilo mume, kwa kuwa ndilo linalolisha. Wengine walizama kwenye ulevi, wengine kwenye siasa za kambini, wengine wakaoa mwanamke wa pili na wa tatu. Wapo pia waliojishughulisha, wakafungua vibanda, wakashona, wakalima vibarua.

Hatusemi hivi kuwaonea huruma wanaume kuliko wake zao. Tunachokiona ni kwamba mume asiye na cha kuleta nyumbani si lazima awe mume mbaya, lakini nyumba ikiwa haikujengewa mazungumzo, kadi ya mgao inaweza kuivunja. Upande wa pili, mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa kitongoji waliotoka nao Rwanda, na viongozi hao walijipendelea na kuwapendelea watu wao. Mama asiye na mume wala jamaa mwenye nguvu alipunjwa. Utaratibu ulipobadilishwa chakula kikaanza kufika moja kwa moja kwa kila kaya, huyo mama ndiye aliyepumua. Kwa hiyo kadi iliyomtia unyonge mume mmoja ilimwokoa mjane wa hema la pili.

Kuhusu urembo, usishangae kusikia kwamba Benaco kulikuwa na wasusi. Kambi ikikaa miezi inakuwa mji: soko, mabucha, migahawa, vinyozi, mafundi cherehani chini ya turubali. Zamani wanawake wa falme za huko walijipaka siagi mwilini na Rwanda walitumia miti yenye harufu kujinukisha, kama sisi na udi wetu. Kambini siagi haikuwepo. Kilichotafutwa ni sabuni, na ilipokosekana kwenye mgao, mama aliuza kikombe cha maharage ili aipate. Kuna watakaosema huo ni ubadhirifu, watoto wana njaa mama ananunua sabuni. Sisi hatukubali. Twahara ni nusu ya imani, na mwanamke aliyefua kitenge chake pekee, akakisubiri kikauke huku amejifunga shuka, alikuwa anajirudishia utu wake.

Mwaka 1995 mambo yakaanza kukaza. Tarehe 31 Machi Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Mwaka huo huo Wajesuiti walianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, kwizera maana yake kutumaini, na redio ikasikika kambini na vijijini pia. Desemba 1996 serikali ikatangaza pamoja na UNHCR kwamba Wanyarwanda wote waondoke kabla ya tarehe 31. Wengi walijaribu kukimbilia ndani ya nchi, jeshi likawageuza. Daraja lile lile la Rusumo likajaa tena, safari hii kuelekea magharibi, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Watoto waliozaliwa Benaco walikuwa wanakiona kwao kwa mara ya kwanza. Warundi wa Lukole walibaki miaka mingi zaidi, karibu hadi mwisho wa muongo uliofuata.

Wenyeji wakabaki na vilima visivyo na miti, na silaha zilizoachwa nyuma. Kwa miaka mingi barabara ya Biharamulo, sehemu za Nyakanazi na Lusahunga, iliogopwa kwa majambazi, mabasi yakisindikizwa na polisi. Mama wa Biharamulo alipotaka kwenda kumwona mzazi mwenziwe Ngara, au kupeleka mtoto hospitali, alifikiri mara mbili. Wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo waliwindwa vibaya sana miaka ya kambi. Hali imebadilika, alhamdulillah. Mwaka 2019 mapori hayo pamoja na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na kwa familia yenye ndugu Mwanza au Bukoba ni matembezi ya kupanga. Ukienda, fika pia Rusumo uyaone maporomoko. Benaco bado ipo kwenye barabara hiyo, ni mji mdogo ambapo malori ya Rwanda na Burundi husimama, na akina mama wanauza chakula.

Wakati mtu anapanga safari, apike chungu chao nyumbani. Chukua maharage vikombe viwili, loweka tangu jana usiku, mwaga maji, chemsha ukiwa umefunika hadi yakaribie kuiva. Menya ndizi mbichi kumi hivi, zipange juu ya maharage, tia kitunguu, nyanya na chumvi, na mafuta ya mawese vijiko vitatu kama unayapata, au mafuta ya kawaida. Maji yafike usawa wa ndizi. Funika kwa jani la mgomba, halafu kifuniko, moto uwe mdogo. Ndizi zikilainika usikoroge kwa nguvu, pindua taratibu kutoka chini. Nazi huko haitumiki, jaribuni kwanza bila nazi. Hutosha watu sita.